Karatasi Mbili za Lado

Jumatatu, 26 Mei

Muhula wa pili umefunguliwa. Kidato cha pili wako tisini na mmoja na madawati yanatosha sitini. Nimeanza na ngeli za Kiswahili. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kwa nini wajifunze lugha ya askari. Nikamwambia hata askari wana mama zao. Wakacheka, tukaendelea.

Mume wangu Lado, fundi wa pampu, ameondoka kabla hatujanywa chai. Pampu ya sola ya kisima kimoja ng'ambo ya mpaka, mbele kidogo ya mji wa Kaya, imekufa, na wenyewe wanampigia simu tangu wiki jana. Siku mbili tu, amesema. Binti yetu Aidah amemwomba amletee asali.

Jumatano, 28 Mei

Hajarudi. Simu haipatikani. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua. Hajarudi.

Ijumaa, 30 Mei

Nilikuwa darasani simu ilipotikisika mfukoni. Namba sikuijua. Alikuwa Sunday, mwenye bodaboda wa Oraba anayembeba Lado kila anapovuka mpaka.

"Madam, bwana yako wamechukua."

"Nani wamemchukua?"

"Askari wa ng'ambo. Waliweka kizuizi barabarani. Watu ya Uganda walirudisha. Wenye karatasi ya kule, wakapandisha kwa lori. Bwana yako iko kwa lori."

"Lado ni Mganda, Sunday! Unamjua!"

"Alionyesha ya Uganda, madam. Lakini ile ingine walikuwa wameshaiona pale mpakani. Walisema raia iko na haki, na raia iko na kazi. Sasa kazi ya jeshi imefika."

Nimetoka darasani nikasimama nyuma ya jiko la shule mpaka mpishi akanishika mkono.

Lazima niandike jambo hili vizuri, maana kichwa changu hakitulii. Mama yake Lado alizaliwa upande wa pili wa mpaka. Baba alikuwa mtu wa Koboko. Nchi ile ilipopata uhuru wake, Lado na mdogo wake Lemi walivuka wakachukua hati za uraia kupitia kwa mama, kwa sababu kampuni za kuchimba visima zilitaka wenyeji. Haikuwa wizi. Walistahili. Ila huku Uganda hawakumwambia mtu. Uganda inaruhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili, lakini lazima uende ofisini utangaze, ujaze fomu, usubiri. Wao hawakutangaza. Lado alikuwa akivuka Oraba kwenda kama mtu wa kule, akirudi kama mtu wa huku, na karatasi zote mbili amezifunga pamoja kwa raba moja.

Nami nilikuwa namwonea wivu. Mimi ni Mnubi. Babu wa babu yangu alikuja na jeshi, akazikwa hapa Arua, na wote waliofuata wamezikwa hapahapa. Hata hivyo nilipokwenda kuomba kitambulisho niliulizwa kabila langu mara tatu, na mara ya tatu karani akasema, "Lakini nyinyi si mlitoka Sudan?" Nilihangaika miaka minne kupata kimoja. Mume wangu alikuwa na viwili na akiviona kama vifaa vya kazi tu, kama bisibisi na koleo.

Jumamosi, 31 Mei

Koboko. Mama mkwe, Mama Margarita, alikuwa anaanika mihogo. Tangu Lado asilimu ili anioe, miaka kumi sasa, mama yake hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mwalimu.

"Mwalimu, keti. Mutoto yangu iko hai?"

"Sunday anasema alimwona kwenye lori, Mama. Hakuwa na jeraha."

Akaendelea kugeuza mihogo. Kisha akaacha, akaniangalia kama mimi ndiye niliyeendesha lori lile.

Lemi alifika saa sita na vijana wake wa kampeni. Anagombea uenyekiti wa kata ndogo, picha zake ziko kila ukuta kuanzia sokoni. Maneno ya chini yanasema Mtoto wa Koboko. Nilipomwambia twende pamoja Arua kwa watu wa uhamiaji, tueleze kila kitu, akanivuta pembeni.

"Shemeji, ukisema Lado ana karatasi ya kule, swali la pili litakuwa mimi. Wapinzani wangu wanasubiri kitu kama hicho tu. Watasema mimi ni Msudani."

"Kaka yako yuko kambini."

"Najua alipo. Ngoja miezi miwili uchaguzi wa chama upite."

Nimerudi Arua nikiwa na hasira mpaka nikasahau mwavuli wangu ndani ya gari.

Jumatatu, 2 Juni

Ofisi ya uhamiaji. Afisa ni mtu mpole, mwenye miwani, alinipa kiti kabla sijaomba.

"Akiwa kule na hati ya kule, yeye ni wao," alisema. "Hatuwezi kwenda kudai mtoto wa mtu ndani ya nyumba yake. Nchi zote ndivyo zinavyofanya. Lakini kama ni Mganda tu, na wamekosea, hapo tunaandika barua. Ana uraia mwingine?"

Nilisema nitaulizia nyumbani. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Nadhani alijua.

Jumatano, 4 Juni

Wakili Eyotaru ana chumba juu ya duka la vipuri. Amenieleza polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu barabarani. Ofisi itaandika barua ikiwa nitaleta hati ya kiapo kwamba mume wangu hana uraia mwingine wowote, nijuavyo mimi.

"Mimi naandika unachoniambia," alisema. "Lakini jua, ukiapa uongo ni kosa la jela. Na kazi ya ualimu inakwenda."

"Andika hana."

Alinitazama. "Mwalimu Ruqaiya."

"Andika hana."

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya Arafa. Nilikuwa nimefunga. Nilishika Msahafu mbele ya kamishna wa viapo nikasema kwamba mume wangu Lado, na nyumba yote ya mama yake, hawana uraia mwingine ila wa Uganda. Maneno ya nyumba yote niliyaongeza mwenyewe ili barua iwe na nguvu. Saini yangu ilitoka nzuri kabisa, kama ya ripoti za wanafunzi.

Nilifuturu kwa maji tu.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Aidah amevaa gauni la njano. Nilikwenda kuswali, sijui niliswali nini.

Jumanne, 10 Juni

Barua haijatoka. Afisa yuko Kampala.

Alhamisi, 12 Juni

Barua imetoka! Ina mhuri wa bluu na saini. Nimeiweka ndani ya bahasha mbili na mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.

Jumamosi, 14 Juni

Tumevuka, mimi na Mama Margarita. Sunday alitupeleka mpaka Oraba, halafu mtu mwingine wa upande ule akatuchukua saa nzima kwenye matope. Mama alishuka mara mbili kusaidia kusukuma pikipiki. Ana miaka sitini na sita.

Kambi ni shule ya zamani. Ubao bado upo ukutani, mtu ameandika hesabu za kuzidisha. Meja, mkuu wa kambi, alitupokea vizuri, akaagiza chai. Alisema Kiarabu cha Juba na nilimwelewa neno kwa neno, maana Kinubi changu hakiko mbali nacho. Hilo lilimfurahisha. "Wewe ni mtu wa nyumbani!" alisema. Sikujua kama nicheke.

Alisoma barua yangu yote, na hati ya kiapo iliyobanwa nyuma yake. Halafu akafungua faili, akatoa nakala ya hati ya uraia ya Lado. Picha yake ya ujana, masharubu membamba, na alama ya kidole gumba.

"Hiki kidole ni cha nani, dada?"

Nilisogeza kikombe changu cha chai.

"Mimi sikukasirikii. Mke lazima aseme uongo kwa ajili ya mumewe. Lakini mumeo alikuja kwetu mwenyewe. Alisema, mama yangu ni wa hapa, nipeni haki yangu. Tukampa. Alifanya kazi hapa, alilipwa hapa. Sasa nchi ina shida ya mafundi, anasema yeye ni wa pale? Mtu hawezi kuwa mtoto wakati wa kula na mgeni wakati wa kulima."

Alifunga faili, karatasi zangu zikiwa ndani.

Akamgeukia Mama Margarita, akabadilisha lugha akasema Kikakwa. Mama alinitafsiria baadaye, lakini nilielewa. Kila nyumba inatoa mtu mmoja kwa jeshi. Kama kuna ndugu mwingine mwenye hati ya hapa, aje, huyu ataondoka siku hiyohiyo. Kisha akaniuliza mimi kwa Kiarabu: "Yupo mwingine?"

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Hakuniangalia. Ni mwanawe mmoja na mwanawe mwingine, na mimi niliyeulizwa ni mtoto wa watu wengine.

"Hayupo," nikasema.

Walituruhusu kumwona Lado kwa muda wa chai kupoa. Wamemnyoa kichwa. Amekonda shingoni, miguu imevimba, na ana kikohozi. Alimsalimu mama yake kwanza, kisha akanishika vidole, kwa sababu askari alikuwa amesimama karibu.

"Wananiuliza kila Ijumaa kama nina ndugu," alisema kwa Kiswahili, upesi. "Usiwaambie. Unasikia, Ruqaiya? Afe mmoja, sio wawili."

"Hakuna anayekufa," nikasema.

Tulipovuka kurudi Oraba Mama alininunulia soda, akaifungua mwenyewe, akanipa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefundisha vipindi vinne. Sikumbuki hata kimoja.

Jumamosi, 21 Juni

Mechi ya timu yetu ya Onduparaka. Kelele za uwanjani zinaingia mpaka jikoni kila wanapokaribia kufunga. Lado hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Nimefunga madirisha.

Alhamisi, 26 Juni

Mwezi mmoja.

Jumanne, 1 Julai

Nimesikia sauti ya Lemi redioni, kipindi cha wagombea. Mtangazaji akamwuliza kuhusu familia. Akasema, "Sisi tuko Koboko tangu mababu, hatuna kwingine." Nilizima. Nilimchukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu, hata yule karani wa kitambulisho.

Jumatano, 9 Julai

Sunday amepata habari kwa dereva wa lori la mihogo. Lado ana homa siku ya sita. Na kikosi chake kitapelekwa kaskazini mwisho wa mwezi. Huko ndiko vita viliko, na simu hazifiki.

Ijumaa, 11 Julai

Namba ya Meja ninayo, aliniandikia mwenyewe kwenye bahasha. Leo mchana, wanafunzi wakifanya mtihani, niliandika ujumbe. Jina la Lemi, jina la baba yake, mwaka aliopewa hati. Nilitazama kidole changu juu ya kitufe. Msichana mmoja akanyoosha mkono akiomba karatasi nyingine, nikaenda kumpa. Niliporudi ujumbe ulikuwa bado upo.

Jumamosi, 12 Julai

Bado upo. Sijautuma, sijaufuta.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Koboko. Nilimkuta Mama ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa cheupe. Nilipiga magoti mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi, nikampa simu. Hajui kusoma vizuri, ikabidi nimsomee. Nilimsomea jina la mwanawe wa pili kwa sauti yangu mwenyewe.

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi.

"Futa," alisema.

Nikafuta, akiangalia.

"Hii kitu hapana ya mke wa mutu. Wewe utaibeba namna gani? Watoto ni yangu. Kama jina itatoka, itatoka kwa mdomo yangu." Akakaa chini kwenye mkeka. "Ruqaiya, mimi nitachagua namna gani? Niambie. Wewe umesoma."

Tulilia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba.

Alhamisi, 17 Julai

Mvua imebomoa ukuta wa choo cha shule. Mtihani wa kidato cha tatu umeahirishwa.

Jumapili, 20 Julai

Lemi amekuja Arua, peke yake, bila vijana, bila fulana yenye picha yake. Alibisha hodi mlangoni kama mgeni. Nilijua Mama amemwambia.

"Shemeji, uliandika jina langu?"

"Niliandika. Sikutuma."

"Kwa nini hukutuma?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mtoto aliomba karatasi. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilimpa chai. Aidah akaleta daftari lake kumwonyesha, Lemi akaangalia kurasa zote moja moja, akamsifu mwandiko.

"Siku ile ya redio," alisema Aidah alipotoka, "nikisema hatuna kwingine, nilimwona Lado. Nilimwona kabisa, amekaa nyuma ya kioo na yule fundi mitambo. Nikamaliza kipindi. Nikaenda kula nyama na watu." Akaweka kikombe chini. "Tulikwenda kuchukua zile hati pamoja. Mimi ndiye niliyemshawishi. Yeye alikuwa anaogopa."

Sikulijua hilo. Lado hakunieleza hata siku moja.

Niliandika humu kwamba namchukia. Sitalifuta neno hilo, lakini leo siwezi kuliandika tena.

Alhamisi, 24 Julai

Mama amepiga simu saa tatu asubuhi. Lemi amevuka Oraba na hati yake. Hakuaga, alimwachia funguo za nyumba kwenye sufuria. Mama alikuwa anaongea polepole, kila neno peke yake, na nyuma yake nilisikia gari la kampeni likipita na kipaza sauti, bado likitangaza mkutano wake wa kesho.

Jumatatu, 28 Julai

Lado yuko nyumbani.

Nilifikiri nitaandika kurasa kumi siku hii ikifika. Sunday alimleta mpaka mlangoni, siku nne baada ya kuachiwa, kwa sababu matope yalifunga barabara. Aidah alimkimbilia kisha akasimama katikati, kwa sababu hakumtambua kichwa. Lado alimbeba, akamweka chini, akamwambia acheze nje. Akafunga mlango.

"Nani alitaja jina la Lemi?"

"Hakuna. Alikwenda mwenyewe."

"Lemi? Mwenyewe?" Alicheka, akakohoa, akashika ukuta. "Meja alinionyesha kiapo chako. Umeshika Msahafu umesema nyumba yote haina uraia mwingine. Siku ya Arafa! Mtu anayeweza hilo anashindwa nini?"

"Niliapa kwa ajili yako."

"Na hili pia ni kwa ajili yangu?"

Nikamwambia kuhusu ujumbe. Labda nilikosea, lakini nimechoka kuchagua cha kusema na cha kuficha. Nilisema niliandika, sikutuma, nilimpelekea Mama, Mama akaamuru nifute. Alisikia neno la kwanza tu. Alichukua shati moja akaondoka kwenda Koboko, na homa yake.

Ijumaa, 1 Agosti

Yuko kwa mama yake. Hapokei simu yangu. Mama anapokea. "Anakula," anasema. Ni hilo tu.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameanguka yote upande mmoja.

Jumapili, 10 Agosti

Mama aliniita niende Koboko, akasema nisiulize sababu. Nilipofika Lado alikuwa ameketi uani, simu iko juu ya goti. Lemi aliahidi kupiga saa nane, kwa simu ya Meja, dakika tano.

Ikalia. Mama akaweka sauti kubwa. Lemi alisalimu kila mtu kwa jina, nami pia. Alisema wanampa kazi ya stoo, kwa sababu anajua kuandika, na kwamba kikosi bado hakijaondoka kwa sababu ya barabara mbovu.

Lado akauliza, "Nani alikupeleka?"

"Nilikuja kwa miguu yangu. Mama hakunituma. Mke wako hakunitaja. Acha kumtesa." Halafu, kwa sauti nyingine: "Ulikuwa hutaki zile hati, mimi ndiye niliyesema twende. Umesahau?"

Ikakatika.

Lado alikaa ameinamisha kichwa. Nywele zimeanza kuota. Baadaye akaniuliza, bila kuniangalia:

"Yule mtoto asingeomba karatasi, ungetuma?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, Lado. Wallahi sijui."

"Hilo naliamini," akasema.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekwenda kwa wakili Eyotaru wote wawili. Njia ya kumrudisha Lemi ipo, anasema, ndefu na haina uhakika. Ndugu wote wawili watangazwe huku kuwa wana uraia wa nchi mbili, walipe faini ya kutotangaza. Kisha Lemi aombe kuvua ule wa kule, na Uganda iandike kwamba akiuvua hatabaki bila nchi. Hapo wakubwa wa pande mbili wanaweza kuzungumza.

"Lakini haiwezi kuanza," alisema. Akanigeukia. "Ndani ya faili iko hati ya kiapo inayosema nyumba ile haina uraia mwingine. Ikiwa imekaa pale, kila karatasi ya Lemi itaonekana ya kughushi. Lazima aliyeapa aiondoe mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya afisa."

"Na mimi?"

"Wanaweza kukusamehe. Wanaweza kukupeleka mahakamani. Siwezi kukudanganya."

Jumatatu, 18 Agosti

Nimesahihisha mitihani yote. Nimeandika ripoti tisini na moja na kuzipanga kwa majina, ili atakayechukua darasa langu asihangaike.

Ijumaa, 22 Agosti

Shule imefungwa saa nne. Nilimpeleka Aidah kwa dada yangu. Tulifika ofisi ya uhamiaji saa sita, Lado amevaa shati lililopigwa pasi na Mama, na Mama mwenyewe amekuja, amevaa kitambaa cha kanisani, ameketi katikati yetu. Hakuna aliyemwomba. Alishika mkoba wangu kwenye mapaja yake.

Afisa ni yuleyule wa miwani. Alisoma jina la Lado kwenye orodha, kisha langu, akaangalia faili, akatuangalia sisi.

"Mmekuja kwa jambo moja au mawili?"

"Mawili," Lado akasema.

"Nani anaanza?"

Lado akasogeza miguu ili ainuke. Nilimwekea mkono begani, nikasimama.